Google Scholar, katalogi au kufuata marejeo? Ulinganisho kwa anayefanya risechi ya Ziwa

Kila msimu wa kuandika risechi ukifika, ukikaa vibandani Malimbe, kwa wanachuo wa SAUT hapa Mwanza, au ukipanda kule Bugando kwenye chuo cha afya utasikia ubishi uleule. Huyu anasema Google Scholar, ile Google ya kutafutia maandishi ya kitaaluma, inamaliza kila kitu, maktaba ni ya kujisomea tu maana kuna utulivu, yule anasema supavaiza wake hataki kusikia habari za Google anataka databesi, na mwingine katulia zake ana desa, yani kazi ya kunakili, la kaka yake wa mwaka juzi na ameshajua atabadilisha wapi. Ubishi hauishi kwa sababu wote wanabishania mahali pa kutafuta, wakati kinachoamua utapata au utakosa ni kingine kabisa: aliyeandika hicho unachokitafuta aliandika lini, na hicho kitu alikiita jina gani. Ukishajua hayo mawili ndo unachagua chimbo.

Nitalinganisha njia moja baada ya nyingine, mifano ni ya huku kwetu Ziwa Victoria, dagaa, sangara, kichocho, maana ndo mada za watu wengi wa kanda hii.

MANENO YAKO AU MANENO YA WAKUTUBI

Hii tofauti wengi wanairuka na ndo inawaumiza. Kuna kutafuta kwa maneno yako, unaandika kinachokujia kichwani na mashine inakuletea kila palipotokea maneno hayo. Halafu kuna kutafuta kwa vichwa vya mada, yani wakutubi walishakaa wakakubaliana kwamba jambo hili tutaliita hivi, basi kila kitabu au makala inayohusu jambo hilo inabandikwa jina hilohilo hata kama mwandishi mwenyewe hakulitaja popote.

Chukua dagaa. We ukiandika dagaa unapata za wenzako wa upande huu, lakini mtu wa Kisumu kaandika omena, mtu wa Jinja kaandika mukene, mtaalam wa samaki hana habari na majina yenu yote kaandika Rastrineobola argentea, na waliomtangulia waliandika Engraulicypris argenteus maana hata jina la kisayansi lilibadilishwa. Samaki ni yuleyule. Na ubaya mwingine, neno dagaa peke yake litakuvutia mpaka dagaa wa Kigoma, ambao ni samaki wengine kabisa wa ziwa jingine, na wale wa baharini nao wamo. Kwa hiyo ukiwa Scholar andika hivi: "Lake Victoria" dagaa OR omena OR mukene OR Rastrineobola. Alama za kufungulia na kufungia semi zinalazimisha maneno mawili yakae pamoja, na hiyo OR iandike kwa herufi kubwa, ukiiandika kwa herufi ndogo haifanyi kazi yake.

Sangara ni hivyohivyo, Kenya wanamwita mbuta, Uganda mputa, kisayansi Lates niloticus. Sato alikuwa Tilapia nilotica sasa hivi ni Oreochromis niloticus. Gugumaji tulilizoea kama Eichhornia crassipes, siku hizi wataalam wanaliandika Pontederia crassipes, sasa we ukitumia jina moja tu umekosa ama za zamani ama za juzijuzi.

Upande wa pili kuna vichwa vya mada, na hapo watu wa afya wana raha ambayo sisi wengine hatuna. PubMed, databesi ya bure ya makala za afya na viumbe, ina orodha yake ya mada inaitwa MeSH. Ukiandika bilharzia, yani kichocho, pale, yenyewe inaelewa kwamba unataka Schistosomiasis, na inakuchukulia na aina zake zote chini yake, kile cha tumbo ambacho kimeshika zaidi vijiji vya ufukweni na kile cha mkojo ambacho kiko zaidi huku ndani Usukumani. Scholar ukiipa bilharzia usiitegemee ikufanyie hesabu hiyo, yale mengine utayaongeza mwenyewe. Ila usiiamini MeSH peke yake, maana siyo makala zote zilizomo PubMed zimebandikwa hizo lebo, kwa hiyo ukitafuta kwa lebo tafuta na kwa maneno ya kawaida, uunganishe kwa OR. Na jambo dogo ambalo linawachanganya wengi: PubMed ukiweka neno ndani ya alama za semi, au ukaweka nyota mwishoni mwa neno, ule uungwana wake wa kukutafsiria unazimika, inatafuta ulichoandika na si zaidi.

Kwa vitabu, katalogi nyingi za vyuo zinafuata vichwa vya Library of Congress ya Marekani, na hao wanaandika kinyumenyume, ziwa letu wanaliita Victoria, Lake. Hutalikisia hilo hata ukae hapo mpaka jioni. Dawa yake usikisie, tafuta kwa maneno yako mpaka upate kitabu kimoja ambacho kweli kinagusa mada yako, fungua rekodi yake yote, shuka chini uone kimebandikwa vichwa gani, halafu bonyeza hicho kichwa. Vitabu ndugu zake vinakuja vyenyewe.

Kama ni mtu wa Bugando au chuo chochote cha afya, mi nakushauri anza na MeSH bila kujiuliza. Kama ni biashara, sosholojia, uandishi wa habari, elimu, anza na maneno yako ila tengeneza kwanza orodha ya majina yote kwenye karatasi kabla hujawasha data.

SCHOLAR NA MADATABESI

Google Scholar ipo tangu 2004 na uzuri wake mkubwa ni kwamba haichagui, inachanganya makala za majarida, tasnifu za vyuo, ripoti, sura za vitabu, humohumo. Ubaya wake ni huohuo. Halafu katika kupanga majibu inaangalia sana makala imenukuliwa na wangapi, kwa hiyo ukiandika Nile perch Lake Victoria unakutana kwanza na wakongwe wa miaka ya 80 na 90, na we supavaiza kakwambia lete za miaka mitano ya karibuni. Bana mwaka pale pembeni. Ukiona bado ni nyingi tumia intitle: ukibandika neno bila kuacha nafasi, inakuletea zile ambazo neno hilo limo kwenye kichwa cha makala. Nyota ya kukatia neno katikati, kwamba uandike fish* ikuletee fishing na fisheries na fishers, Scholar haiijui. PubMed inaijua, na katalogi nyingi zinaijua.

Bando sasa. Kwa mtu anayetumia simu hili siyo jambo dogo. Scholar yenyewe ni nyepesi, maneno matupu, kinachokula MB ni kufungua PDF moja moja kuangalia kama inafaa. PubMed inakupa ikisiri palepale, unasoma aya moja unajua hii niiache, na kuna kichujio cha kubakiza zile zinazosomeka bure tu. Kwa hiyo kwa mtu wa bando la wiki PubMed ni nafuu, sharti mada yako iwe ya afya au ya viumbe, maana ukiiuliza habari za vikoba vya akina mama wachuuzi wa dagaa utasikitika.

Kuna Research4Life, ndani yake kuna Hinari ya mambo ya afya iliyoanza 2002 na AGORA ya kilimo, uvuvi na chakula iliyofuata 2003. Hii taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kuingia bila malipo, maelfu ya majarida ambayo ukiyafungua kutoka nyumbani yanakudai dola. Kinachotakiwa ni chuo chako kiwe kimejisajili, na nywila iko kwa watu wa maktaba, siyo kwako. Nimeona watu wanachanga hela kununua makala moja huku ghorofa ya chini kuna dada ana nywila ya jarida zima na hakuna aliyemuuliza. Ukikutana na makala ya kulipia kwenye Scholar, kabla ya chochote bonyeza pale chini palipoandikwa "All versions", mara nyingi mwandishi mwenyewe au chuo chake kimeiweka bure sehemu nyingine.

AJOL nayo, ile ya majarida ya Afrika, ni ya kupita haraka lakini usiiruke. Tafiti nyingi za watu wa hapahapa zinachapwa kwenye majarida ambayo madatabesi makubwa ya nje hayayabebi. Injini yake ya kutafutia siyo kali, mi naona afadhali kutafuta kwa Scholar kisha kwenda AJOL kuchukua. Na kama unaandika kwa Kiswahili, tafuta kwa Kiswahili, Chuo Kikuu Huria kina tasnifu nyingi za Kiswahili kwenye hazina yake ya mtandaoni, maneno kama wavuvi, mwalo, methali za Wasukuma yanaleta vitu ambavyo kwa Kiingereza huvipati.

KATALOGI AU KUZUNGUKA RAFUNI

Hapa nitasema kifupi. Watu wanapenda kusema nenda rafuni, vitabu vinavyofanana vimekaa pamoja. Vimekaa pamoja kwa jicho la nani? Kwa mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, kitabu cha samaki kama kiumbe kipo 597, cha kuwavua kipo 639.2, cha uchumi wa uvuvi kipo huko 338.3, na historia ya Tanzania yenyewe iko 967.8. We unaandika kuhusu wavuvi wa Ukerewe na maisha yao, unahitaji zote nne na ziko pembe tofauti za jengo. Kwa hiyo katalogi kwanza, chukua namba, halafu ukifika pale kwenye rafu ndo uangalie kushoto na kulia. Anayezunguka bila namba anaweza kubahatika, ila bahati hiyo haiandikwi kwenye sura ya mbinu za utafiti.

Faida moja ya rafu ambayo katalogi haikupi ni kwamba unashika kitabu, unafungua faharasa nyuma, ndani ya dakika unajua Mwanza imetajwa kurasa ngapi. Katalogi inajua kichwa cha kitabu na mada zake kuu, haijui kilichomo sura ya sita.

KUFUATA MAREJEO

Sasa hii ndo njia yangu na sitajifanya kwamba nazipima zote sawa. Kwa mada za Ziwa, mtu mwenye makala moja nzuri anamshinda mwenye maneno mia ya kutafutia. Sababu ni ileile ya majina: anayenukuu hajali we leo unamwita nani huyo samaki, yeye kamnukuu mwenzake tu, kwa hiyo mnyororo wa marejeo unavuka mabadiliko ya majina, unavuka mipaka ya nchi, unavuka na lugha.

Kuna kurudi nyuma na kuna kwenda mbele. Kurudi nyuma unasoma orodha ya marejeo ya makala uliyonayo na kutafuta zile za zamani. Kwenda mbele unaiandika makala hiyo Scholar na kubonyeza "Cited by", unaona waliokuja kuitumia baadaye.

Mfano wa kweli. Kuna makala ya Frans Witte na wenzake ya 1992 kuhusu kupotea kwa furu, wale samaki wadogo wa asili, katika Ziwa Victoria, wale watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi hapahapa kwenye Ghuba ya Mwanza. Ukirudi nyuma kutoka hapo unaingia kwenye tafiti za kabla sangara hajatawala, unakutana na ripoti za lile shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lililokuwa Jinja tangu 1947, na ukizidi kurudi unafika kwenye uchunguzi wa uvuvi wa 1927 na 1928 alioufanya Michael Graham, ukachapwa 1929. Sangara mwenyewe aliingizwa miaka ya 50 na 60, kwa hiyo kuna maandishi ya ziwa lisilokuwa na sangara kabisa. Ukienda mbele kutoka hapohapo 1992 unaibuka mpaka kwenye mabishano ya miaka hii, wanaosema furu wengine wamerudi, wanaosema tatizo ni matope na rutuba iliyozidi kwenye maji siyo sangara peke yake. Makala moja, na umeshika karibu karne.

Tofauti ya pande hizo mbili ni hii: kurudi nyuma kunakupa msingi ila kila hatua unazidi kuzeeka, na kwenda mbele kunakupa mapya ila unapata wengi waliotaja kwa kupita tu, mstari mmoja kwenye utangulizi basi. Ukifika "Cited by" ikawa na mamia usizipitie zote, weka alama ya vema kwenye kile kiboksi cha kutafuta ndani ya walionukuu halafu andika Mwanza. Mamia yanashuka yanakuwa ya kusomeka.

Udhaifu wa njia hii upo na lazima usemwe. Watafiti wananukuana kwa makundi, marafiki na wanafunzi wao, kwa hiyo ukifuata mnyororo mmoja unaweza kuzunguka ndani ya ukoo mmoja wa wataalam usijue kwamba wapo wanaowapinga. Anza na makala mbili za watu wasiofahamiana. Na kama mada yako ni mpya kabisa, tuseme biashara ya dagaa kupitia WhatsApp, hakuna mnyororo wa maana wa kufuata, rudi kwenye maneno.

VYA ZAMANI VINATAKA MAJINA YA ZAMANI

Hapa mashine zote zinalingana kwa kushindwa, tofauti iko kwa anayetafuta. Wajerumani waliandika Muansa. Waingereza wengi wa mwanzo waliandika Victoria Nyanza. Kabla ya 1964 hakuna Tanzania, ni Tanganyika, na kanda hii yote ilikuwa Lake Province, na nchi ya Wasukuma waliiita Sukumaland. Kagera ilikuwa Ziwa Magharibi. Hata cha juzi tu, Geita na Simiyu zimekuwa mikoa 2012, kwa hiyo takwimu za Geita za sensa ya 2002 nyingi zimelala ndani ya Mwanza, nyingine Shinyanga na Kagera, utazitafuta kwa jina la mkoa usizione ukadhani hazikuchukuliwa.

Na vingi vya aina hiyo havimo kwenye majarida. Ni ripoti za idara, mihadhara, makaratasi ya mradi uliokwisha. Kuchagua ni hivi: vya uvuvi na maji jaribu AquaDocs, hazina ya bure ya nyaraka za majini ambamo ripoti nyingi za zamani za Jinja zimeskaniwa. Vya historia na mila angalia Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, na kule UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maktaba ina sehemu ya East Africana ambako yamo pia makaratasi ya Hans Cory, yule mtaalam wa serikali ya kikoloni aliyeandika mno kuhusu sheria na mila za Wasukuma. Vya kilimo na mifugo, pamba yetu hii, ni Morogoro, SUA, chuo kikuu cha kilimo, ambako ndo maktaba ya taifa ya kilimo ilipo. Vitu vilivyoskaniwa vina ugonjwa wao, mashine ilisoma herufi vibaya, kwa hiyo ukikosa kwa neno moja jaribu neno jingine la ukurasa huohuo kabla hujakata tamaa.

AKILI MNEMBA AU DADA WA MAKTABA

Siku hizi mtu anauliza roboti. Kwa kazi ya majina inafaa sana, mwambie akupe majina yote ya gugumaji kwa lugha na vipindi vyote, atakutajia, we hakikisha. Kwa kazi ya marejeo usimpe, anaweza kukutungia makala yenye mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, ukaitafuta Scholar ukaambulia hewa. Kila rejea kutoka kwake ibandike kichwa chake Scholar ndani ya alama za semi, isipotokea popote ifute.

Mkutubi ni mtu wa aina nyingine. Hajui mada yako kukuzidi, ila anajua nywila ziko wapi, anajua ni kitabu gani katalogi inasema kipo lakini kiko kwenye sanduku la kujalidiwa, na anaweza kumwandikia mwenzake wa Dar au Morogoro akaskaniwa kurasa unazotaka. Tatizo ni jinsi tunavyomwendea, mtu anafika anasema "shikamoo dada, naomba vitabu vya uvuvi", sasa akupe vipi? Mwendee asubuhi kabla hakujajaa, ukiwa na sentensi moja ya mada, orodha ya maneno uliyokwishatumia na sehemu ulizotumia, na ile makala moja nzuri uliyonayo. Kama unachotaka ni ripoti ya zamani mwonyeshe na ukurasa wa marejeo ulikoiona, maana ripoti za mwaka zina miaka miwili, mwaka inaouzungumzia na mwaka iliochapwa, na mara nyingi imeandikwa kwenye daftari la maktaba kwa ule ambao we hukuuandika.